Upara una sababu nyingi, na kinyozi ndiye wa kwanza kuziona

Mwanamume anayeanza kuota upara mara nyingi huwa wa mwisho kujua. Utosi haujioneshi kwenye kioo cha ukutani, na mke akiuona hunyamaza. Anayeuona mapema ni kinyozi, kwa kuwa kila baada ya wiki mbili tatu hukishika kichwa kilekile, hukiinamisha, hukigeuza huku na huku, na kupitisha mashine toka kisogoni hadi kwenye paji. Katika Kata ya Kihanga, Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, zahanati huendewa mtu akishaugua na daktari bingwa wa ngozi yuko mbali. Hakuna mwingine anayekikagua kichwa cha mwanamume kwa karibu kiasi hicho.

Bahati mbaya, anachokiona kinyozi huishia kwenye utani. Upara ni dalili ya pesa zinazokuja, atasema mmoja. Ni akili nyingi, atasema wa pili. Waendesha bodaboda wataulaumu helmeti, wazee watailaumu kofia, na hatakosekana wa kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Maelezo yote haya yana kasoro moja: yanauchukulia upara kuwa kitu kimoja chenye sababu moja. Nywele za mwanamume hupotea kwa njia nyingi, kila njia huacha alama yake kichwani, na alama hiyo ndiyo inayoamua kama mtu aendelee na shughuli zake kwa amani au afunge safari kwenda hospitali.

Upara wa ukoo

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja. Kila unywele una shina lake chini ya ngozi. Hukua kwa miaka miwili hadi sita, karibu sentimita moja kwa mwezi, kisha hupumzika kwa miezi kama mitatu, hudondoka, na shina lilelile hutoa mwingine. Mkulima wa Karagwe hahitaji maelezo zaidi: mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa, chipukizi likashika nafasi yake, na shamba likabaki shamba. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Upara unaowapata wanaume wengi kuliko mwingine wowote huja pale shina linapotoa chipukizi jembamba kuliko lililotangulia, na linalofuata jembamba zaidi, mpaka vikabaki vinywele laini vya malaika. Hauanzi popote tu. Huanza kwenye mapanja yote mawili, nywele zikirudi nyuma na kuacha paji lenye umbo la herufi M, au huanza utosini, au kote kwa pamoja. Ukikomaa, huacha ukanda wa nywele unaozunguka kichwa toka sikio hadi sikio. Ngozi yenyewe huwa nyororo: haiwashi, haina magamba, haina vidonda. Daktari wa Marekani, O'Tar Norwood, aliupanga mwendo huo katika hatua saba mwaka 1975, akiendeleza kazi ya mtangulizi wake James Hamilton, na hadi leo matabibu duniani hutumia mpangilio wao.

Ni Hamilton huyohuyo aliyeonesha mwaka 1942 kwamba upara huu unahitaji vitu viwili kwa pamoja. Aliwachunguza wanaume waliohasiwa na kukuta kwamba waliopoteza korodani zao kabla ya balehe hawaoti upara. Walipopewa homoni ya testosteroni, wale wenye upara ukooni walianza kupoteza nywele, na wasio na asili hiyo wakabaki na nywele zao. Homoni peke yake haitoshi, na ukoo peke yake hautoshi.

Fumbo lililobaki, la homoni ipi hasa inayoyadhuru mashina, lilipata jibu kutoka mbali. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa wakifanana na wasichana, kisha wakifika balehe sauti zao huwa nzito na misuli hujengeka. Watoto hao walikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, dihidrotestosteroni, inayofupishwa DHT. Walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na nywele zao za kichwani hazikurudi nyuma. Hapo mtuhumiwa akajulikana: ni DHT inayoyasinyaza mashina ya mapanjani na utosini, huku ya kisogoni yakiistahimili.

Hapa ndipo majivuno ya barazani yanapoishiwa nguvu. Mwenye upara na mwenye nywele tele wanaweza kuwa na kiasi kilekile cha homoni za kiume. Kinachowatofautisha ni jinsi mashina yao yanavyoipokea homoni hiyo, na jambo hilo hurithiwa. Je, kwa baba au kwa mjomba? Kinasaba chenye uzito mkubwa kimo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, kwa hiyo waliokuwa wakimtazama mjomba hawakukosea sana. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanaume zaidi ya 52,000, ulikuta maeneo zaidi ya 280 ya vinasaba yanayohusika na upara, mengi yakiwa nje ya kromosomu hiyo. Baba naye ana mkono wake.

Kofia na helmeti hazimo katika orodha. Shina huishi kwa damu inayopita chini ya ngozi, na kitambaa kilichoko juu hakilifikii. Kunyoa mara kwa mara nako hakuziongezi nywele wala hakuzipunguzi. Helmeti inayovaliwa na abiria kumi kwa siku ina kosa lake, lakini ni la kueneza chawa na fangasi.

Baada ya homa

Mwanamume amelazwa kwa malaria kali, amepona, amerudi kwenye kahawa yake. Miezi miwili au mitatu baadaye kila akipitisha kitana kinatoka na nywele, na kila upande wa kichwa unapungua kwa usawa. Hofu humjia kwamba amelogwa, kwa kuwa homa ameshaisahau.

Kilichotokea ni kwamba mwili, ulipokuwa vitani, uliyaamuru mashina mengi kupumzika kwa wakati mmoja. Mapumziko hayo huchukua miezi kama mitatu, ndipo nywele zote hizo hudondoka kwa mkupuo. Malaria, homa ya matumbo, upasuaji mkubwa, ajali, msiba mzito, na hata UVIKO-19 huweza kuleta hali hii. Dawa yake ni subira: chanzo kikishaondoka, nywele hurejea zenyewe ndani ya miezi kadhaa. Dawa za saratani huangusha nywele haraka zaidi, ndani ya wiki chache, kwa sababu huzishambulia seli zinazogawanyika upesi, na unywele unaokua umejaa seli za namna hiyo. Nazo kwa kawaida hurejea matibabu yakiisha.

Chakula kina nafasi yake. Unywele umejengwa kwa protini, na ndizi, chakula kikuu cha Karagwe na Kyerwa, ina takriban gramu moja tu ya protini katika kila gramu 100. Wazee waliopika ndizi kwa maharage walikuwa wamelitatua jambo hili kabla ya somo la lishe kuingia shuleni. Anayeathirika ni yule ambaye mlo wake umekuwa pombe ya rubisi asubuhi na rubisi jioni, sufuria ya maharage akiwaachia watoto. Kwake nywele huwa chache, kavu na hafifu, na ngozi na misuli husimulia habari hiyohiyo. Upungufu wa madini ya chuma na hitilafu za tezi ya shingo navyo huweza kupunguza nywele, na vyote hugundulika kwa kipimo cha damu.

Mabaka ya mviringo

Kuna upara unaokuja usiku mmoja, au ndivyo unavyoonekana. Mtu anaamka na baka la mviringo, laini kama kiganja, lisilowasha wala kuuma. Linaweza kuwa kichwani, linaweza kuwa ndevuni. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeyageukia mashina ya nywele. Hauambukizi, na hausababishwi na uchafu. Kwa wengi wenye baka moja au mawili madogo, nywele huota zenyewe ndani ya mwaka mmoja, pengine zikianza kwa rangi nyeupe. Kwa wachache husambaa kichwa kizima, na hao wanahitaji daktari.

Mabaka yenye magamba, yanayowasha, yenye nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, ni habari nyingine. Hayo ni mapunye, kazi ya fangasi. Huwapata zaidi watoto ambao hawajabalehe, lakini mashine ya kinyozi haiulizi umri. Mtoto wa darasa la pili akinyolewa asubuhi na baba yake akafuata kwenye kiti kilekile bila mashine kusafishwa, fangasi amepata usafiri. Kosa kubwa hapa ni kuhangaika na krimu za kupaka. Fangasi amejificha ndani ya unywele wenyewe, chini ya ngozi, krimu isikofika. Hutibiwa kwa vidonge, hasa grisofulvini, kwa wiki sita hadi nane, kwa maelekezo ya tabibu, na watoto wengine wa nyumba hiyo huchunguzwa pia. Mapunye yakiachwa mpaka yakavimba na kutoa usaha, huacha kovu, na kwenye kovu nywele hazioti tena.

Kisogo kinacholilia msaada

Kama kuna ugonjwa mmoja ambao kinyozi wa Kihanga angeweza kuuzuia kwa mikono yake, ni vipele vya kisogoni. Vinaanza vidogo, vigumu, kwenye mstari wa nywele juu ya shingo. Vinawasha. Mteja anaomba "nipige kipara mpaka chini", mashine inapita juu ya vipele, damu inatoka kidogo, spiriti inapakwa, mteja anauma meno, na wiki mbili baadaye vipele vimeongezeka. Mwaka ukipita vimeungana kuwa nundu ngumu, na katikati yake nywele zimekwisha.

Asili yake imo katika umbo la nywele zetu. Unywele uliojikunja ukikatwa chini kabisa hubaki na ncha kali, na ukianza kukua hujipinda na kuichoma ngozi kutoka ndani au kutoka nje. Mwili huupokea kama mwiba na kujenga uvimbe kuuzunguka. Kwa wenye ngozi inayovimbisha makovu, uvimbe huo haujui pa kuishia. Ukosi wa shati unaosugua shingo huzidisha. Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town ameutafiti kwa miaka mingi ugonjwa huu pamoja na tabia ya kunyoa kipara mara kwa mara, mtindo uliotawala kwa wanaume wa huko kama unavyotawala huku kwetu, na ameonya pia kuhusu damu inayotoka wakati wa kunyoa.

Ushauri kuhusu vipele hivi ni mwepesi kuliko tiba yake. Mwenye vipele aache kunyoa hadi kwenye ngozi, nywele ziachwe na urefu kidogo kwa kutumia kitana cha mashine. Asivitumbue. Asikubali wembe upite juu yake. Aende kwa tabibu vikiwa bado vichache, kwani wakati huo dawa za kupaka na za kumeza husaidia. Vikishakuwa nundu, hubaki sindano na kisu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa shingoni.

Vijana wanaosuka nywele au kufuga rasta nao wana onyo lao. Nywele zikivutwa kwa nguvu miezi na miaka, mashina ya pembeni mwa paji hulegea, kisha hufa. Uchungu na vipele vidogo baada ya kusukwa ni ishara kwamba mkono wa msusi umezidi.

Kichwa kinapotangaza ugonjwa wa mwili

Sababu chache za upotevu wa nywele hazitakiwi kusubiri hata wiki. Kaswende ikifika hatua ya pili huweza kung'oa nywele vipande vipande, kichwa kikaonekana kama kitambaa kilicholiwa na nondo, nyusi na ndevu zikiguswa pia. Kipimo chake ni cha damu, tiba yake ni sindano ya penisilini, na nywele hurudi. Ukoma nao huweza kuziondoa nyusi, ukianzia upande wa nje. Ukiambatana na mabaka yasiyo na hisia au ganzi mikononi, mtu aende kituo cha afya, ambako dawa hutolewa bure. Vidonda vya ngozi vyenye magamba vinavyoacha kovu jeupe katikati na kingo nyeusi huweza kuwa lupasi, na kila mwezi wa kuchelewa huondoa mashina yasiyorudi.

Kagera ina kumbukumbu chungu ya kusoma maradhi usoni na kichwani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiingia kutoka Uganda, na nywele zilizopungua na kulainika ghafla zilitosha kumfanya mtu atengwe kabla hajapimwa. Ni kweli kwamba VVU visipotibiwa huweza kuzidhoofisha nywele. Lakini tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004, wanaozitumia ipasavyo huishi na vichwa visivyotofautiana na vya majirani zao. Nywele haziwezi kumpima mtu, kipimo ndicho kinachopima.

Sifa za dawa za gulioni

Siku ya gulio mafuta ya kuotesha nywele hayakosi mnunuzi. Kuna ya nyonyo, kuna ya kitunguu, kuna ya chupa isiyo na jina wala tarehe. Yana mashahidi, na mashahidi wengi hawasemi uongo. Aliyekuwa na baka la mviringo alipaka, na baada ya miezi sita nywele zikaota. Aliyepoteza nywele baada ya malaria alipaka, nywele zikarudi. Hao wote wangepona hata wasingepaka kitu, ila sifa ikaenda kwa muuzaji. Shahidi asiyesikika ni yule mwenye upara wa ukoo, aliyepaka mwaka mzima bila kuona badiliko, akaona aibu kusema.

Upara huo wa ukoo una dawa mbili zilizothibitishwa kwa muda mrefu. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Madaktari wakaona wagonjwa wanaota vinyweleo pasipotarajiwa, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Finasteridi, iliyozaliwa na mafunzo ya kile kijiji cha Dominika, iliidhinishwa kwanza kwa tezi dume mwaka 1992, kisha kwa upara mwaka 1997. Zote mbili husaidia zaidi kubakiza nywele zilizopo kuliko kurejesha zilizokwenda, na mtu akiziacha, upara huendelea ulipoishia. Finasteridi kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na vidonge vyake ni hatari kwa mimba ya mtoto wa kiume, hivyo mama mjamzito haruhusiwi kuvishika vikiwa vimevunjika. Kwa mkulima anayesubiri malipo ya kahawa, kununua dawa ya maisha yote kwa ajili ya kitu kisichomuumiza ni uamuzi wa kutafakari mara mbili.

Imani yenye damu

Kuna sababu nzito zaidi ya kuueleza upara kwa ukweli. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye upara baada ya mauaji katika eneo la Milange, mkoani Zambezia. Wauaji waliamini vichwa hivyo vina dhahabu au viungo vyake huleta utajiri, na polisi walisema wateja wa ushirikina huo walitajwa kuwamo Malawi na Tanzania. Mkoa wa Kagera uko katika Kanda ya Ziwa, kanda iliyowazika watu wenye ualbino kwa imani za aina hiyohiyo. Utani wa kwamba mwenye upara ana pesa huchekesha barazani, lakini tumeona jinsi maneno ya namna hiyo yanavyofika mikononi mwa mtu mwenye panga.

Kiti cha kinyozi kiwe kituo cha kwanza

Tangu mwaka 1992, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika ili warudi wilayani kwao na ujuzi wa ngozi. Wazo lile lilikuwa sahihi: bingwa hawezi kufika kila kijiji, basi ujuzi ushushwe ngazi. Inabaki ngazi moja ambayo haijafikiwa, na ndiyo yenye wateja wengi kuliko zote.

Maofisa afya wa kata huwatembelea vinyozi kukagua leseni na usafi. Ziara hiyohiyo inaweza kubeba somo la saa moja. Nywele zitolewe kwenye meno ya mashine kwa brashi kabla ya kupaka spiriti, kwa maana spiriti haipenyi uchafu, na kile kikabati cha taa ya bluu hakitakasi mashine iliyojaa nywele. Mteja mwenye vipele kisogoni asinyolewe hadi kwenye ngozi, hata akiomba. Mtoto mwenye magamba kichwani arudishwe na ujumbe kwa mzazi aende zahanati. Mwenye mabaka ya ghafla, kovu, au nyusi zinazopukutika aelekezwe hospitali, Nyakahanga au nyingine iliyo karibu, na huko atapewa rufaa ya Bukoba au Bugando ikibidi.

Na yule ambaye mapanja yamerudi nyuma taratibu, ngozi nyororo, baba yake hivyohivyo na mjomba wake hivyohivyo? Huyo hana ugonjwa. Anyolewe vizuri, alipe, anunue kofia ya kumkinga na jua, arudi shambani kwake.